Port Adelaide watamteua nani airithi nafasi ya Aliir Aliir?

Karani wa Kilindini (mwenye swali)

Ndugu zangu, salaam. Najua wengi wenu hapa ni watu wa Bandari FC na wa kandanda tuliyoizoea sote, lakini wapo baadhi yetu ambao kwa misimu kadhaa sasa tunaufuatilia mpira wa Australia, ule wa mpira wenye umbo la yai, na ningependa tulizungumze kwa makini jambo linalonishughulisha tangu msimu ulipomalizika. Mimi ni mshabiki wa Port Adelaide. Sababu ya kwanza ni jina lenyewe: mtu aliyefanya kazi Kilindini kwa miaka kumi na saba hawezi kusikia habari ya klabu iliyozaliwa mwaka 1870 katika mtaa wa gati na maghala, tena ikachukua jina la bandari yake, kisha akapita kando. Sababu ya pili, ambayo ndiyo nzito, ni Aliir Aliir.

Kwa asiyemjua, Aliir alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwetu Turkana, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya kusini mwa Sudan. Alipelekwa Australia akiwa mtoto, akaanza kuushika mpira huo akiwa tayari mvulana wa shule, na mwaka 2013 klabu ya Sydney Swans ikamteua katika nafasi ya 44. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu aliicheza mwaka 2016. Mwisho wa mwaka 2020 alihamia Port Adelaide, na msimu wake wa kwanza tu huko akatajwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Kazi yake ni ulinzi, lakini si ulinzi wa kumng'ang'ania mtu mmoja. Yeye husoma njia ya mpira ungali hewani, humwacha mshambulizi aliyepewa kumlinda, hukimbia kando hatua kumi au kumi na tano, kisha huruka na kuudaka mpira uliokusudiwa mtu mwingine. Mechi za usiku za Adelaide hutufikia hapa wakati wa chakula cha mchana, kwa kuwa wao wako mbele yetu kwa saa sita na nusu, na mara nyingi nimeuacha wali ukapoa kwa ajili ya mdako mmoja wa namna hiyo.

Hesabu ya umri mnaiweza. Mlinzi aliyekwisha vuka miaka thelathini, ambaye kazi yake yote ni kuruka na kutua, hana misimu mingi iliyobaki, hata kama mwili wake umemtii mpaka sasa. Swali langu basi ni hili: Port Adelaide watamchukua kijana wa aina gani ili airithi nafasi hiyo, na watampata wapi? Maoni yangu ya awali ni kwamba klabu inapaswa kuitoa nafasi yake ya kwanza kabisa ya uteuzi kwa mlinzi mrefu wa miaka kumi na minane. Ninamfikiria kijana wa mfano wa Mac Andrew, aliyezaliwa Cairo, akakulia Dandenong nje ya Melbourne, na kuteuliwa na Gold Coast Suns katika nafasi ya tano mwaka 2021. Naomba wanaoujua mchezo huu kunizidi wanisahihishe.

Kijana wa Changamwe

Shikamoo Bwana Karani. Mimi nimeanza kuutazama mchezo huu mwaka huu tu, na ninachoelewa ni kwamba uwanja ni wa duara refu, wachezaji ni 18 kila upande, milingoti ni minne, na mpira ukipita kati ya ile miwili mirefu ni pointi sita, ukipita pembeni ni pointi moja. Lakini neno "uteuzi" linanichanganya. Kama Port Adelaide wanamtaka mlinzi mrefu, kwa nini wasiende kwenye klabu yenye mlinzi huyo wakatoa pesa, kama zifanyavyo klabu za Ulaya na hata za hapa kwetu?

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Marahaba mwanangu Changamwe. Swali lako ndilo la kuanzia, kwa sababu asiyelijua hilo atabashiri hewani.

Katika ligi ile klabu haimnunui mchezaji kwa pesa. Tangu mwaka 1986 kuna uteuzi wa chipukizi, ambao siku hizi hufanyika Novemba: klabu iliyoshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na kila klabu imewekewa kikomo cha jumla ya mishahara inayoweza kulipa. Mchezaji akitaka kuhama kabla ya muda wake, klabu mbili hubadilishana: mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi za uteuzi. Kwa hivyo nafasi za uteuzi ndizo fedha za nchi ile, na kila unapobashiri ni nani atachukuliwa sharti kwanza ujiulize mfukoni mna nafasi gani na ni nini kitakachotolewa ili kuipata nyingine. Huko ndiko ninakotofautiana na Bwana Karani.

Nilibahatika kuuona mchezo huu kwa macho yangu mwaka 2004, meli yetu ilipokaa Outer Harbor siku tisa ikisubiri shehena, na wapakuzi wa pale wakanichukua mimi na mwenzangu kutoka Lamu mpaka Football Park. Mwaka huo ndio Port Adelaide walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa ligi ya taifa, na tangu hapo sijaiacha klabu. Katika miaka yote hiyo, jambo moja nimeliona likijirudia: walinzi warefu walio bora aghalabu hawatoki juu ya orodha. Aliir mwenyewe ni wa nafasi ya 44. Harris Andrews wa Brisbane Lions, ambaye kwa maoni yangu ni mmoja wa walinzi warefu hodari kabisa wa kizazi chake, aliteuliwa katika nafasi ya 61 mwaka 2014. Sam Taylor wa Greater Western Sydney alikuwa wa 28 mwaka 2017. Sikatai kwamba wapo waliotangulia. Carlton walimchukua Jacob Weitering wa kwanza kabisa mwaka 2015 na hawakujuta. Lakini ukiwapanga wote pamoja utaona kwamba nafasi ya juu si lazima ili kumpata mlinzi, ilhali kiungo mwenye kasi na akili ni nadra kumkuta chini.

Na sababu yake inaeleweka. Kijana wa miaka kumi na minane mwenye urefu wa karibu mita mbili bado hajaujua mwili wake. Mifupa imetangulia, misuli inafuata polepole, na mshambulizi wa miaka ishirini na saba atamsukuma kama mlango ulio wazi. Msaka vipaji anayemtazama hawezi kuona alivyo; anabashiri atakavyokuwa. Mtazameni tena Aliir: kuteuliwa 2013, mechi ya kwanza 2016, kikosi bora 2021. Hiyo ni miaka minane tangu jina lake kusomwa, na klabu iliyomlea kwa sehemu kubwa ya muda huo siyo iliyokuja kula matunda.

Nina ombi moja. Majina ya wavulana wanaotajwa huko Australia kwa ajili ya uteuzi ujao yanajulikana, lakini wengi wao bado wako shuleni, na mimi sitamwekea mtoto wa watu mzigo wa kumwita mrithi wa Aliir hali sijamwona akicheza hata robo moja. Tuwataje waliokwisha ingia katika ligi, kisha tupime ni kijana wa aina gani anayefaa.

Mwalimu wa Michezo, Kisauni

Nashukuru, Nahodha, kwa ombi hilo. Nafundisha wavulana wa umri huo na najua kinachowapata wakisifiwa mapema.

Ningependa kuongeza mambo ambayo Bwana Karani hakuyagusa. La kwanza ni kwamba Port Adelaide hawako mikono mitupu. Mwishoni mwa msimu wa 2023 walikwenda sokoni wakawaleta walinzi warefu wawili kwa mpigo, Esava Ratugolea kutoka Geelong na Brandon Zerk-Thatcher kutoka Essendon. Hiyo ndiyo tabia ya klabu hii, nayo inapaswa kuingia katika ubashiri wetu: wakiona pengo nyuma, huwa hawana subira ya kulea, huenda kubadilishana. Lakini wawili hao, kwa jinsi ninavyowaona, ni walinzi wa kumkaba mtu, na hilo ni tofauti kabisa na kazi ya Aliir. Ninyi mnatafuta mrithi wa urefu. Mimi ningetafuta mrithi wa macho. Kijana wa sentimita 192 anayesoma njia ya mpira mapema atamfaa kocha Josh Carr kuliko wa sentimita 200 anayefika amechelewa.

Na hapa ndipo ninapomkumbuka Tom Stewart wa Geelong. Huyu hakuteuliwa akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa na umri wa miaka 23, akicheza ligi ya jimbo la Victoria, Geelong walipomchukua katika nafasi ya 40 mwaka 2016, na tangu hapo ameingia katika kikosi bora cha Australia mara kadhaa kwa kazi ileile ya kudaka mpira wa adui. Mtu wa umri huo amekwisha komaa mwili, amekwisha cheza na wanaume, na klabu inaona kitu kilichoiva badala ya kukisia. Pia kuna uteuzi mdogo wa katikati ya msimu, uliorudishwa mwaka 2019. Mwaka huohuo Richmond walimchukua Marlion Pickett kwa njia hiyo, akiwa na miaka 27, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ikawa fainali ya ubingwa, ambayo walishinda.

Kwa hivyo ubashiri wangu ni kwamba mrithi wa Aliir huenda yuko tayari mjini Adelaide kwenyewe, katika ligi ya jimbo la Australia Kusini, na kila Jumamosi anacheza mbele ya watu wachache. Nitawapa mfano unaouma kwa mshabiki wa Port. Katika uteuzi wa 2021 Port walikuwa na nafasi ya 12, wakamchukua Josh Sinn, kijana wa pembeni mwenye mbio. Nafasi tatu baadaye, katika ya 15, Greater Western Sydney wakamchukua Leek Aleer, mrukaji wa ajabu mwenye asili ya Sudan Kusini, ambaye alikuwa akiichezea Central District, kaskazini mwa jiji lilelile la Adelaide. Sisemi kwamba Sinn alikuwa kosa. Kila klabu huchagua kwa mahitaji ya siku hiyo. Nasema kwamba mlinzi mrefu, mwepesi, wa kuruka na kudaka, alikuwa amelala ua wa nyuma wa nyumba yao, na klabu ya mji mwingine ndiyo iliyomwamsha.

Karani wa Kilindini

Mwalimu, mfano huo wa Leek Aleer umenigusa, maana nilikuwa sijawahi kuziweka nafasi hizo mbili pamoja. Lakini nijibuni jambo moja. Si kuna utaratibu wa klabu kulea watoto wa wahamiaji katika akademia zao, halafu kuwachukua kwa upendeleo? Kama upo, kwa nini Port wasimlee kijana wa Sudan Kusini aliyekulia jirani nao, wakamchukua bila kugombana na mtu?

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Upo, Bwana Karani, na ndio mlango ambao mimi ningeusimamia usiku na mchana. Ila umefungwa na kufunguliwa mara nyingi mno, kiasi kwamba asiyeufuatilia mwaka kwa mwaka atapotea.

Kila klabu ina eneo lake, na ndani ya eneo hilo inaweza kuwalea wavulana wa asili ya wenyeji wa kwanza wa Australia, na wavulana wa jamii za wahamiaji, wakiwamo wale ambao mzazi wao alizaliwa Afrika. Siku ya uteuzi, klabu nyingine yoyote inaweza kulitaja jina la kijana huyo. Hapo klabu iliyomlea huulizwa kama inamtaka kwa bei hiyo, na bei hulipwa kwa pointi, maana kila nafasi ya uteuzi imepewa thamani yake; ya kwanza ina pointi 3,000, kisha thamani hushuka nafasi hata nafasi. Klabu iliyomlea hupata punguzo. Zamani lilikuwa asilimia 20, na tangu 2025 limeshuka kuwa 10. Kwa hivyo si kweli kwamba watamchukua bila kugombana na mtu. Watamchukua kwa kulipa, ila hakuna atakayewanyang'anya iwapo wana pointi za kutosha.

Mwaka 2020 mambo yaliharibika, au yalinoga, kutegemea wewe ni mshabiki wa nani. Jamarra Ugle-Hagan, aliyelelewa na Western Bulldogs, alitajwa na Adelaide katika nafasi ya kwanza kabisa, na Bulldogs wakalipa kwa kukusanya nafasi za chini chini wakampata. Klabu nyingine zikalalamika kwamba kijana bora wa nchi nzima amekwenda kwa timu ambayo haikushika mkia. Ligi ikafunga mlango: mwaka 2021 klabu haikuruhusiwa kumlipia kijana wa akademia hiyo akitajwa ndani ya nafasi 20 za mwanzo, na mwaka uliofuata ndani ya 40. Mwathirika wa kwanza wa sheria hiyo ni huyohuyo Mac Andrew uliyemtaja katika swali lako. Yeye alikuwa kijana wa akademia ya Melbourne. Walimlea, wakamfundisha, kisha Gold Coast wakamtaja katika nafasi ya tano na Melbourne wakabaki kutazama. Mwaka 2024 mlango ukafunguliwa tena mpaka juu, na Essendon wakautumia mwaka huohuo kumchukua Isaac Kako katika nafasi ya 13.

Port wenyewe wamepita hapo. Lachlan Jones, mlinzi waliyemchukua katika nafasi ya 16 mwaka 2020, ni zao la akademia yao. Ule mlango mwingine, wa mwana kumfuata babake iwapo baba aliichezea klabu mechi 100 au zaidi, umewapa Jackson Mead mwaka 2019 na Jase Burgoyne mwaka 2021, nao ni wachezaji wazuri, ila si wa kumzuia mshambulizi wa sentimita 200.

Kwa hivyo nitabashiri wazi. Kama mrithi wa kweli wa Aliir, namaanisha wa macho na wa kuruka, atapatikana kwa njia ya uteuzi, basi atatoka katika akademia ya klabu yenyewe, na wazazi wake watakuwa watu waliopita Kakuma au Cairo au Gambella kabla ya kufika Adelaide. Silisemi kwa kuona fahari tu. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alipoichezea North Melbourne mwaka 2013 alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Sudan kucheza ligi hiyo. Aliir akaja 2016. Changkuoth Jiath, aliyezaliwa Ethiopia, akaingia Hawthorn na kufanya kazi ileile ya kukatiza mipira na kukimbia nayo. Wavulana wanaoteuliwa sasa walikuwa wadogo walipowaona hao kwenye runinga, na wameushika mpira tangu utotoni. Hawakuanza na miaka kumi na mitatu au minne kama Aliir. Kipaji kilekile, kikianzishwa mapema, hakihitaji kusubiriwa miaka minane.

Kocha wa Vikapu, Tudor

Salaam kwenu nyote. Nimeusoma mjadala huu kwa hamu, ingawa mchezo wangu ni mwingine, kwa sababu kila mnapotaja kuruka, kusoma mpira hewani na kumwacha mtu wako ili ukakatize pasi, mnaeleza kitu ninachokifundisha wasichana na wavulana mazoezini kila wiki. Ukienda Makande ukatazama mechi za vikapu za timu za mamlaka ya bandari, utamwona mlinzi wa nyuma akifanya hasa alichokieleza Bwana Karani hapo juu: macho kwenye mpira, mwili kwenye mtu. Swali langu si la kufurahisha baraza. Je, ipo njia yoyote ambayo klabu kama Port Adelaide inaweza kumchukua kijana mrefu ambaye hajawahi kuucheza mchezo huo, na akawa mlinzi?

Mwalimu wa Michezo, Kisauni

Bi Kocha, ipo, na imezaa matunda zaidi ya watu wanavyodhani. Klabu zina nafasi maalumu katika orodha zao kwa kijana ambaye hajasajiliwa katika mpira wa Australia kwa miaka mitatu. Mason Cox, mtu wa Texas mwenye urefu wa sentimita 211, alikuwa mchezaji wa vikapu wa chuo kikuu nchini Marekani. Collingwood walimsajili mwaka 2014, na mwaka 2023 akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa.

Lakini mfano ambao Mkenya anapaswa kuukumbuka zaidi ni Mark Blicavs. Huyu aliwahi kucheza vikapu, kisha akawa mkimbiaji wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo sisi tumezifanya kama mali yetu, na alikuwa akiiwinda Olimpiki ya London. Geelong walimsajili mwishoni mwa 2011, akaanza kucheza 2013, akawa mchezaji bora wa klabu mwaka 2015 na tena 2018, na akatwaa ubingwa mwaka 2022. Misimu kadhaa katikati ya hiyo aliicheza nyuma kabisa, akiwakaba washambulizi warefu, kwa sababu hakuna mshambulizi aliyeweza kumchosha.

Tatizo liko mguuni. Kuruka mtu hujifunza haraka, hata kukimbia na kuudundisha mpira wa yai hujifunza. Kuupiga teke ukiwa mbioni, mita hamsini, uende kifuani mwa mwenzako, ndiko kunakowashinda wengi. Jim Stynes wa Ireland, aliyeshinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 1991, alitoka katika mpira wa kwao ambao nao ni wa mikono na mateke, na hiyo ndiyo sababu klabu huenda Ireland mara nyingi kuliko kwingine. Mchezaji wa vikapu huletewa kazi ya kuruka katikati ya uwanja au karibu na goli, ambako teke refu si la lazima kila mara. Mlinzi anayedaka mpira wa adui lazima autoe yeye mwenyewe, na teke lake baya huwa goli la upande wa pili. Kwa hivyo, kwa nafasi ya Aliir hasa, sioni Port wakichukua mgeni wa mchezo. Kwa nafasi ya mrukaji wa katikati, ningewasikiliza.

Kocha wa Vikapu, Tudor

Nimekuelewa, Mwalimu, na hoja ya teke naikubali. Naomba kuongeza jambo moja tu kwa upande wa wanawake, kwa kuwa mmezungumza juu ya wavulana peke yao. Ligi ya wanawake ilianza mwaka 2017, na Akec Makur Chuot, ambaye alilelewa Kakuma kabla ya kwenda Perth, ameichezea Richmond na Hawthorn. Mnapofikiria ni nani atakayetoka katika familia hizo, wafikirieni na dada zao, maana orodha za wanawake bado ni changa na zina nafasi zaidi kwa msichana anayetoka katika mchezo mwingine.

Kijana wa Changamwe

Nimejifunza mengi. Ninalo swali la mwisho: je, haiwezekani Port wakalazimika kuutumia uteuzi wa kwanza kwa kitu kingine kabisa, hata kama wanahitaji mlinzi?

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Inawezekana sana, mwanangu, na mimi naliona hilo kuwa ndilo litakaloamua mambo. Mchezaji akifikisha misimu minane katika klabu moja anaweza kuwa huru kuhama mkataba unapokwisha. Port waliteua mwaka 2018 viungo wawili ambao timu imejengwa juu yao, Connor Rozee katika nafasi ya tano na Zak Butters katika ya 12, na misimu minane tangu hapo inatimia mwaka 2026. Kiungo wa daraja hilo akiondoka akiwa huru, ligi huipa klabu nafasi ya uteuzi kama fidia, na klabu iliyopoteza kiungo haitakwenda kununua mlinzi kwa fidia hiyo. Itatafuta kiungo mwingine. Ikitokea hivyo, mrithi wa Aliir atasubiri raundi ya pili au ya tatu, ambako, kama nilivyosema, ndiko walinzi warefu wanakopatikana kwa kawaida.

Karani wa Kilindini

Basi nabadilisha nilichoandika mwanzoni. Nafasi ya kwanza iende kwa kiungo. Pointi ziwekwe akiba kwa ajili ya kijana wa akademia, ili asije akatoroshwa kama Mac Andrew alivyotoroshwa Melbourne, na iwapo mwaka huu akademia haina mlinzi, Port waende Central District na jirani zake wakatafute mtu mzima wa miaka 22 au 23 mwenye macho ya Tom Stewart. La kumchukua mlinzi wa miaka kumi na minane katika nafasi ya tano au ya sita, nimeliacha.

Bi Kocha, ninao mpira mmoja wa yai, halisi, wa ngozi nyekundu, alioniletea fundi wa meli miaka minne iliyopita. Haujawahi kuvuka geti la nyumba yangu. Kama Mwalimu atakuwa na nafasi ya kuonyesha teke lenyewe, nitauleta Makande Jumamosi baada ya sala ya alasiri, vijana wako warefu waushike.

Mwalimu wa Michezo, Kisauni

Nitakuwapo, inshallah. Waje na viatu vya nje; sakafu ya vikapu haifai kwa teke hilo.